Litungu na Kilabu: Historia ya Wanamuziki Waalikwa Bungoma na Trans Nzoia

Litungu ni kinubi cha nyuzi saba cha Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, na mpigaji wake tangu zamani ni mtu wa kualikwa. Huitwa na mwenye arusi, na mwenye mtoto anayeingia jandoni, na jamaa wanaofanya kumbukumbu ya marehemu, au na mwenye kilabu anayetaka watu wajae. Katika eneo linaloshika Mabanga na mji wa Bungoma, likapanda hadi mashamba ya mahindi ya Kitale mashariki mwa Mlima Elgon, mikesha ya muziki imepitia ua wa mzee mwenye mtungi wa pombe, kilabu cha busaa chenye leseni, matanga, kisha baa na kumbi za mjini. Mahali pa kupigia pamebadilika mara nyingi, na kwa kawaida sababu haikuwa muziki wenyewe. Sheria za pombe na za mikusanyiko ndizo zilizoamua mwanamuziki aketi wapi, apige mpaka saa ngapi, na alipwe na nani.

Chombo na mpigaji wake

Litungu huchongwa kwa bakuli la mti linalowambwa ngozi. Mikono miwili ya mti hutoka kwenye bakuli na kushikana juu kwa kijiti kilicholazwa, na nyuzi saba hunyooshwa kutoka chini ya bakuli hadi kwenye kijiti hicho. Hapo zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni. Mpigaji hukiegemeza chombo mwilini akiwa ameketi na kuzidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono miwili, huku akiimba mwenyewe. Kwa kawaida haji peke yake. Wapo wasaidizi wanaotikisa njuga na kugonga vyuma, mwitikiaji mmoja au wawili, na mara nyingine mpigaji wa siiriri, zeze la uzi mmoja linalojulikana kwa Waluhya wengi.

Jamii za jirani zina ndugu za chombo hiki. Waluo wana nyatiti ya nyuzi nane, Wakuria wana litungu lao lenye nyuzi nane, Wasabaoti wa Mlima Elgon na Wakalenjin wengine wana vinubi vyao vya aina hiyo, na Wateso wana adeudeu, ambacho upinde wake hutoka upande mmoja tu wa bakuli. Kwa sababu hiyo mpigaji anayevuka mpaka wa lugha hafiki akiwa mgeni kabisa. Masikio ya wasikilizaji yameshazoea sauti ya nyuzi na mpangilio wa mtu mmoja anayeongoza na wengi wanaoitikia.

Umahiri wa mpiga litungu hupimwa kwa vidole na kwa ulimi pia. Anapofika kwenye boma la watu hupaswa kujua ukoo wa mwenyeji, wajukuu wa nani wameketi upande gani, na rika la wazee waliopo. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kumtaja mzee kwa rika na ukoo wake katikati ya wimbo ni kumpa heshima hadharani, naye hujibu kwa kutoa kitu: zamani kuku, nafaka au pombe, baadaye sarafu na noti. Waluo wana desturi inayofanana iitwayo pakruok, ambapo msikilizaji husimamisha muziki kwa malipo ili ajisifu au asifu rafiki. Katika desturi zote mbili msikilizaji ni mshiriki wa wimbo, na pesa anayotoa ni sehemu ya mazungumzo kati yake na mwanamuziki.

Mtungi wa nyumbani

Kabla ya utawala wa Waingereza, na kwa miaka mingi baada yake, ukumbi mkuu wa muziki huu ulikuwa ua wa nyumbani siku ya pombe. Pombe, ambayo kwa Lubukusu ni kamalwa, ilipikwa na wanawake kwa wimbi, na mahindi yalipoenea yakatumika pia. Utengenezaji wa busaa kama unavyofahamika leo huanza kwa unga wa mahindi uliolowekwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Unga huo hukaangwa juu ya bati hadi uwe chembechembe kavu, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi na kuachwa uumuke tena.

Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, maji ya moto yakimiminwa juu ya machicha, na kila mmoja akinywa kwa mrija wake mrefu uitwao lusekhe. Mirija hiyo ilikuwa na kichujio nchani ili kuzuia machicha. Namna ya kuketi ilifuata umri na undugu, na mkwe alijua mahali asipopaswa kukaribia. Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu kuhusu nafasi ya pombe katika maisha ya Wabukusu na Walogoli: katika kazi ya pamoja shambani, katika mahari, katika matambiko na katika kupatanisha waliogombana.

Mpiga litungu alikuwa na nafasi yake katika ukumbi huo. Aliketi karibu na mtungi, akaanza kwa kuwaamkia wenyeji kwa majina, akaendelea na habari za koo, vita, njaa na uhamaji, kisha akageukia mambo ya siku hizo. Vijana walicheza kamabeka, ngoma ya mabega, kwa mwendo wa nyuzi na njuga. Msimu nao ulipanga kazi yake. Baada ya mavuno nafaka ilikuwa nyingi, pombe ikapikwa na arusi zikafungwa. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa ulikuwa wa jando, wakati vijana wanapozunguka kwa jamaa wakigonga chinyimba, kengele za chuma, na kuwaalika watu. Nyimbo za jando zina waimbaji wake na taratibu zake, na si kazi ya litungu. Lakini sherehe za wakubwa zilizofuata nyumbani zilimpa mpigaji miezi yake bora zaidi.

Misheni, machifu na kibali

Waingereza waliwashinda Wabukusu katika vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Katika miongo iliyofuata nguvu mbili mpya ziliingia kwenye ua wa pombe. Ya kwanza ilikuwa misheni. Marafiki, yaani Wakweka, walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakafika Lugulu katika nchi ya Wabukusu. Waumini wao walitakiwa kuacha pombe, na kwa kuwa ngoma na litungu vilikaa penye pombe, viliachwa pamoja nayo. Familia nyingi ziligawanyika: upande mmoja nyimbo za tenzi na kwaya, upande wa pili mtungi na kinubi. Mgawanyiko huo ulidumu kwa vizazi, na ndiyo sababu baadhi ya watoto wa Wakristo wa mwanzo walisikia litungu kwa mbali tu, kutoka boma la jirani.

Nguvu ya pili ilikuwa chifu. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri kuhusu kupika na kunywa pombe ya kienyeji, na kuhusu utulivu wa eneo kwa jumla. Pombe ya sherehe ikaanza kuhitaji kibali, na kibali cha pombe kikawa kwa vitendo kibali cha muziki. Hofu ya serikali juu ya mikusanyiko ya usiku ilizidi baada ya Elijah Masinde kuanzisha Dini ya Msambwa, harakati iliyotaka kurudi kwa dini ya mababu na kuondoka kwa Wazungu. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua 11, na mwaka huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku. Katika hali kama hiyo, kundi la wazee lililokesha likisikiliza nyimbo za mababu halikuonekana kama burudani tu machoni pa maofisa.

Wakati huohuo reli na mashamba ya walowezi vilipanua eneo la mwanamuziki. Njia ya reli kuelekea Uganda ilipita Bungoma katika miaka ya 1920, na tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926. Wabukusu wengi walikwenda Trans Nzoia kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi na kuishi humo na familia zao. Walichukua pombe yao, marika yao na muziki wao. Mpigaji wa Bungoma sasa aliweza kualikwa Kitale, kupanda gari moshi au kutembea, na kukuta hadhira inayoelewa kila neno lakini isiyosikia habari za nyumbani kwa miezi mingi. Kwa hadhira hiyo mwanamuziki mgeni alikuwa mburudishaji na mleta habari kwa pamoja.

Gitaa na chupa ya soda

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi kutoka Asia na kwingineko walileta magitaa, na santuri za wapigaji wa Kongo kama vile Mwenda Jean Bosco zikasikika kote Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya gitaa halikupigwa kwa kuiga tu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, anatambuliwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa omutibo, ambamo gitaa moja hudonolewa kwa vidole huku chupa ya soda ikikwaruzwa na kugongwa kushika mwendo. Mwendo huo una asili yake katika ngoma za Waluhya, hasa isukuti ya Waisukha na Waidakho. Mtu aliyezoea kusikia mpiga litungu akiimba hadithi huku msaidizi akigonga chuma hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kusikiliza omutibo.

Mpiga gitaa akawa mgeni mpya wa mikesha. Santuri zilizorekodiwa Nairobi, na baadaye katika studio ya Chandarana mjini Kericho, ziliwatangulia wanamuziki vijijini, hivyo mwenyeji alimwita mtu ambaye sauti yake ilikwisha kusikika kwenye gramafoni au redioni. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore, lenye Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, ni mfano wa umbali ambao muziki huu uliweza kufika. Nyimbo zao zilikusanywa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyo ikatoa albamu yao nyingine. Vijana waliojifunza kazi kwenye arusi za vijijini walisikilizwa na wapenzi wa muziki wa jadi wa Ulaya.

Kilabu cha busaa

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, unywaji wa nyumbani ulikuwa tayari unageuka biashara. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliweka utaratibu wa leseni, na vilabu vya busaa vikawa sehemu ya kila soko na kila kituo cha biashara. Kilabu kwa kawaida kilikuwa jengo la udongo au la mawe lenye paa la bati, mabenchi kuzunguka kuta, na uwanja wa nyuma wa kupikia. Wanawake waliendelea kuwa wapishi, na wengi walisomesha watoto kwa mapato ya busaa. Pombe iliuzwa kwa kopo kwa mtu mmoja, au kwa mtungi kwa kikundi kilichotaka kuketi pamoja na mirija kama zamani.

Hapo ndipo usiku wa muziki ulipochukua sura ya kudumu. Mwenye kilabu alihitaji wateja, na mwanamuziki alihitaji mahali pa kupiga hata pasipokuwa na sherehe. Mapatano yalikuwa mepesi: chakula, pombe na pengine malazi kutoka kwa mwenye kilabu, na tuzo kutoka kwa wasikilizaji. Mgeni kutoka mbali alivuta watu kuliko mpigaji wa kijijini, kwa kuwa alileta nyimbo mpya na hakufungwa na ugomvi wa majirani. Aliweza kumsema chifu mla rushwa au baba anayewasahau watoto wake, kisha kesho akaondoka. Mwanamuziki wa mahali hapo aliyesema maneno yaleyale angekutana nao asubuhi njiani.

Uchumi wa miaka ya 1970 uliisaidia sana kazi hii. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji Webuye mwaka 1974. Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Wakulima waliopata ardhi Trans Nzoia kupitia mipango ya makazi ya baada ya uhuru walikuwa wakiuza mahindi. Mishahara na malipo ya miwa yalikuja kwa tarehe zinazojulikana, na vilabu vikapanga wageni wao kwa tarehe hizo. Mpiga litungu ambaye babu yake alifuata majira ya mavuno sasa alifuata pia mwisho wa mwezi.

Amri ya kufunga

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanzoni mwa urais wa Daniel arap Moi, serikali iliamuru vilabu vya pombe za kienyeji vifungwe. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kuharamisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Sababu zilizotolewa zilihusu afya, uvivu na uharibifu wa familia, na madhara hayo yalikuwepo kweli. Lakini kilabu kilipofungwa, ukumbi wa muziki ulifungwa pamoja nacho, na hakuna aliyekuwa amepanga badala yake.

Wapikaji walihamia majumbani na vichakani, ambako kila kelele ni hatari. Katika mahali pa kunywea kwa kujificha hakuna nafasi ya kinubi, njuga na watu wanaoitikia, kwa maana muziki ungemwelekeza askari mlangoni. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi iliyowahi kuupata muziki wa litungu, kubwa kuliko ile ya misheni, kwa kuwa misheni iliwaondoa baadhi ya wasikilizaji tu na kuacha ukumbi wenyewe. Baa halali za mjini ziliuza bia ya chupa na kupiga muziki wa kaseti: benga, rumba ya Kongo na nyimbo za Kiswahili. Mpiga litungu hakuwa na mahali pa wazi pa kukutana na watu wake kila wiki, na kijana aliyetaka kujifunza hakuwa na mahali pa kumwona akipiga.

Redio, tamasha na matanga

Njia tatu ziliubeba muziki huu katika miaka iliyofuata. Ya kwanza ilikuwa ya serikali na shule. Tamasha la Muziki la Kenya lilifanya ngoma za jadi kuwa mashindano ya wanafunzi, na kamabeka ikachezwa jukwaani mbele ya waamuzi wenye karatasi za alama. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, iliajiri wachezaji wa kucheza ngoma za makabila mengi kwa watalii na wananchi. Faida yake ilikuwa kwamba watoto wa waumini waliokatazwa litungu nyumbani walilishika shuleni. Gharama yake ilikuwa muda. Wimbo wa usiku mzima ulilazimika kutoshea katika dakika chache, na sehemu ya kwanza kukatwa ilikuwa maongezi na wasikilizaji.

Ya pili ilikuwa redio. Sauti ya Kenya ilitangaza kwa lugha za magharibi, na tangu miaka ya 2000 vituo vya lugha za nyumbani vilipoongezeka, vikiwemo Mulembe FM kwa Waluhya na Sulwe FM kwa Lubukusu, wanamuziki wa litungu na wa gitaa walisikika tena kila siku. Redio ikawa mahali pa kutangazia kazi: msikilizaji anayefanya arusi Kimilili au Kiminini humjua mpigaji kwa sauti, kisha humtafuta kwa simu.

Ya tatu ilikuwa matanga. Kukesha na wafiwa kwa nyimbo ni desturi ya tangu zamani magharibi mwa Kenya, na hapo mwanamuziki alibaki na haki ya kualikwa hata vilabu vilipofungwa. Hata hivyo spika na jenereta vilileta disko matanga, mkesha wa muziki uliorekodiwa ambapo vijana hutoa pesa ili wimbo wanaoutaka upigwe au usimamishwe, na makusanyo husaidia mazishi. Maofisa wa utawala wamepiga marufuku disko matanga mara kwa mara, wakitaja mimba za wasichana na vurugu. Utaratibu wake wa kutoa pesa ni uleule wa tuzo ya zamani, ila aliyekuwa akipokea, mwanamuziki anayeweza kujibu kwa jina na ukoo, hayupo.

Kaunti, leseni na baa

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta sheria ya kuharamisha chang'aa na kuruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na viwango. Sheria hiyo, inayojulikana kwa jina la mbunge John Mututho aliyeipigania, iliweka pia saa za baa: kwa siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Mkesha wa kinubi uliokuwa ukiisha alfajiri sasa unapaswa kubanwa ndani ya saa hizo ukifanyika penye pombe.

Katiba ya 2010 ilifanya jambo kubwa zaidi kwa muda mrefu. Jedwali lake la Nne liliweka shughuli za utamaduni, burudani za umma na utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kwa mara ya kwanza serikali ileile iliyo karibu na watu inaamua kuhusu pombe na kuhusu muziki. Bungoma na Trans Nzoia zina uwezo wa kuona mambo hayo mawili kwa pamoja, jambo ambalo chifu wa 1912 na waziri wa 1980 hawakulifanya. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi ya 2016 nayo inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista ya urithi wa namna hiyo, na kuorodheshwa kwa isukuti na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka kumeonyesha kwamba hata ngoma mashuhuri ya Waluhya inaweza kupungukiwa na wapigaji.

Siku hizi mwanamuziki mwalikwa hupatikana katika baa na hoteli za Bungoma, Webuye na Kitale mwishoni mwa wiki, mara nyingi akiwa na bendi ya magitaa ya umeme na kinanda, na litungu likiunganishwa kwa kipaza sauti. Hupatikana pia kwenye arusi, mikutano ya kisiasa, na sherehe za Desemba watu wanaporudi kutoka mijini. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga, kilichoanza kwa ajili ya wakulima, ni mojawapo ya kumbi za mikutano za eneo hili. Mwaka 2011 ndiko yalikofikiwa makubaliano ya amani kati ya jamii za eneo hili baada ya mapigano ya Mlima Elgon. Kumbi za namna hiyo zina faida ambayo kilabu cha busaa hakikuwa nayo: Mkristo asiyekunywa anaweza kuingia na kusikiliza.

Udhaifu wa kutegemea mialiko ya kumbini ulionekana Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofika. Baa zilifungwa, amri ya kutotoka usiku ikadumu hadi Oktoba 2021, mazishi yakawekewa idadi ndogo ya watu, na Agosti ya 2020, mwaka wa jando, ikapita chini ya vizuizi vya mikusanyiko. Wanamuziki walipoteza kumbi zao zote kwa pigo moja. Waliokuwa na nyimbo redioni walikuwa na haki ya mirabaha kupitia vyama vya hakimiliki, lakini mpigaji ambaye kazi yake yote ni ya ana kwa ana hakuwa na rekodi ya kudai. Kumbi zilipofunguliwa tena, msimu wa Agosti 2022 uliwarudisha kwenye njia zao za kawaida: mwaliko kwa simu, nauli ya kuja, chakula cha mwenyeji, na tuzo kutoka mikononi mwa wasikilizaji wanaotajwa kwa majina. Kwa mpiga litungu tuzo hiyo bado ni sehemu kubwa ya pato, na ukumbi wa wazi unaomkutanisha na watu wanaojua kujibu ndio unaomwezesha kijana wa kizazi kijacho kujifunza kazi hii.